Wali Kulia, Kuku Kushoto

11 Juni, Jumatano

Daftari hili nimepewa leo na Bi. Katigbak, afisa lishe wa kituo chetu cha afya. Ameniamuru niandike kila anachokula mke wangu na kiasi gani, kila siku, bila kuficha. Nilimwambia mimi ni mfua visu wa mji huu wa Taal, si karani, na kwamba maneno yote niliyowahi kuandika yangeenea nyuma ya risiti moja.

"Andika tu, Mzee Gaudencio," akasema. "Daftari halimcheki mtu."

Ana umri wa binti yangu lakini anaamuru kama mama mkwe. Haya, nitaandika. Akiona nimezidisha, kosa ni lake.

Mke wangu ni Epifania. Mtaa mzima humwita Paning. Tarehe kumi na saba Mei asubuhi kiharusi kilimwangusha jikoni, na mimi nilikuwa uwanjani nikitazama majogoo wakipigana. Hilo nimeliandika mara moja na sitalirudia. Daktari hospitalini alieleza mengi siku ile, ila niliyoyashika ni mawili tu: mkono wa kushoto hauna nguvu, na mguu wa kushoto vilevile. Mdomo haukuguswa. Ulimi ni ule ule tuliouzoea.

Uzito leo ni kilo arobaini na nane. Kisigino cha kushoto kina kidonda cha kulalia. Amri za Bi. Katigbak ni hizi: chumvi isizidi nusu kijiko cha chai kwa siku. Patis, ule mchuzi wa samaki wa chupa, marufuku kabisa. Kuku atolewe ngozi. Kila mlo uwe na kipande cha nyama au samaki cha ukubwa wa kiganja cha Paning mwenyewe, kwa sababu kidonda hakifungwi na wali. Na kitoweo kisichanganywe na wali sahanini, ili nijue amekula kipi na amebakiza kipi.

Uzito ukishuka chini ya arobaini, atarudishwa hospitali na kuwekewa mpira wa kulishia puani. Mama yake Paning alifariki na mpira ule puani.

Paning alikuwa palepale kwenye kiti chake cha magurudumu. "Mimi sitiwi mpira," akasema, huku akiutazama ukuta. "Nizikeni kwanza."

12 Juni

Asubuhi uji wa mchele na majani ya mlonge, kikombe kizima. Mchana dagaa na wali. Wali umeisha. Dagaa hawajaguswa. Mvua ya kwanza ya maana, bati halisikilizani na redio.

14 Juni

Leo nimepika adobo, kwa mara ya kwanza katika miaka sitini na minane ya maisha yangu.

Kukata kuku si tatizo, visu ndiyo kazi yangu. Nilimkata akakatika kwa heshima. Nikamvua ngozi, nikamtia kwenye chungu cha Paning pamoja na siki ya mnazi, vitunguu saumu, pilipili manga, na manjano mabichi niliyoyatwanga mpaka vidole vikageuka rangi. Kwetu adobo ni ya njano. Ile nyeusi ya sosi ya soya tunawaachia watu wa Manila. Kisha nikaikoroga ili ichanganyike vizuri.

Mada, jirani yetu mjane, alikuwa amesimama dirishani na mwavuli wake. "Umeikoroga?"

"Nimeikoroga."

"Siki haijachemka na wewe umeikoroga? Yesu na Maria! Gaudencio, wewe ulilelewa na nani?"

Kumbe kila mtoto wa hapa anajua: ukiigusa siki kabla haijachemka, inabaki mbichi mpaka mwisho. Ilibaki mbichi kweli. Nilionja, masikio yakanisimama.

Nilimpakulia Paning hivyohivyo, na nikampakulia kwa adabu yake mwenyewe: wali kulia, kitoweo kushoto. Ndivyo alivyonipakulia mimi miaka arobaini na moja, hakubadilisha hata siku moja. Kupika sijui, lakini kupanga sahani nitampangia kama anavyopenda.

Wali umeisha. Kuku hajaguswa. Sikumlaumu.

15 Juni

Adobo tena. Sikukoroga. Wali umeisha, kuku hajaguswa.

19 Juni

Paning ameomba kitana akajichana mwenyewe. Upande wa kulia nywele zimelala kama za binti anayekwenda kupokea komunyo. Upande wa kushoto zimebaki zimesimama kama kiota cha kunguru. Nilipomwambia, akasema amekwisha kuchana. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nikachukua kitana nikamalizia.

25 Juni, Jumatano

Kilo arobaini na sita na nusu. Bi. Katigbak amesoma daftari, akacheka penye siki, kisha akaacha kucheka. Amesema niongeze manjano na kitunguu saumu badala ya chumvi, ulimi upate cha kushika.

30 Juni

Nimeongeza. Nimetia na tangawizi. Mada ameonja, akasema sasa inaweza kuliwa na mtu mwenye njaa na subira.

Nilimtengea Paning, nikaketi mahali pangu pa siku zote, kushoto kwake. Akainua pua.

"Nasikia harufu ya adobo," akasema. "Mada kapika leo?"

Nikaanza kula changu. Aliendelea na wali wake taratibu, kijiko baada ya kijiko, mpaka ukaisha. Zilibaki punje chache tu zilizomgusa kuku, kana kwamba hata hizo zimeingia najisi.

3 Julai

Maji yamefika ngazi ya pili. Wali umeisha. Kuku hajaguswa.

9 Julai, Jumatano

Kilo arobaini na tano na robo. Kidonda hakijapona, kimepanuka. Bi. Katigbak amesema mwili wake unajila wenyewe kwa kukosa nyama. Maneno hayo nimerudi nayo nyumbani nikashindwa kuyatua.

11 Julai

Leo nitaandika lile ambalo Bi. Katigbak hakuniuliza.

Kwa miaka arobaini na moja Paning alinipikia adobo kila Jumapili, na mara nyingine katikati ya juma. Na kila alipoitenga, kabla sijaonja, nilichukua chupa ya patis nikanyunyizia. Narudia, kabla sijaonja. Baba yangu alikula hivyo, na mimi nikala hivyo, sikufikiri ni neno. Mwanamke amesimama jikoni tangu alfajiri, ametwanga manjano, amelinda siki mpaka ichemke, nami naimwagia chupa ya dukani kama mtu anayezima moto.

Hakuwahi kulalamika. Nakumbuka tu kwamba mwaka wa tatu au wa nne wa ndoa alianza kuiweka chupa karibu na mkono wangu, ili nisisumbuke kuinuka.

Kwa hiyo sasa ananilipa. Ana haki. Hamtazami kuku wangu, wala mimi mwenyewe hanitazami. Nikizungumza naye mezani ananijibu, lakini uso anauelekeza kule kwenye mlango wa jikoni, kama vile mtu wa maana yuko huko. Juzi aliita, "Gaudencio, njoo basi ule!" na mimi niko ubavuni pake, kijiko mdomoni. Nikasema, "Si ninakula?" Akasema, "Haya," kwa sauti ya mtu asiyeamini. Ananikejeli. Ningekuwa yeye, ningenikejeli zaidi.

12 Julai

Nimejaribu kumlisha kwa mkono wangu. Kijiko kilipomkaribia alishtuka kama ameona nyoka, akafumba mdomo, akageukia upande wa pili. "Usinivamie!" akasema. "Mimi si mtoto." Kuku hajaguswa.

20 Julai, Jumapili

Rowena amekuja. Ni binti yetu wa pekee, ameolewa Calapan, ng'ambo ya mlango wa bahari, na kivuko si bure. Alitushika mikono akaigusisha kwenye paji la uso wake kwa heshima, kisha akaingia jikoni moja kwa moja na kunifukuza. Adobo ilikuwa yake. Aliketi kulia kwa mama yake, akachambua nyama, akawa anamlisha huku wakipiga soga za mjukuu wetu mchanga.

Paning alikula vipande vitatu! Vitatu, na mfupa akaunyonya.

"Baba, mbona anakula vizuri tu?" Rowena akauliza.

Niliketi upande wangu wa kushoto, nikafurahi, na huku moyo ukinichoma. Sikupata kujua kama mtu anaweza kumwonea wivu mwanawe mwenyewe kwa ajili ya paja la kuku. Basi tatizo si meno, si tumbo wala si kiharusi. Ni mimi.

21 Julai

Rowena amerudi kwake. Nimepika kwa maelezo yake, neno kwa neno. Wali umeisha. Kuku hajaguswa.

6 Agosti, Jumatano

Kilo arobaini na tatu.

13 Agosti

Mvua siku ya sita mfululizo. Paning ameomba fremu yake ya kudarizi. Zamani shati lililodariziwa naye lilivaliwa na mabwana harusi mpaka Lipa. Nilimfungia fremu kwenye meza kwa vibanio vya karakana yangu, nikamtungia uzi, nikamchorea ua la sampagita. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini mkono mmoja wa Paning unadarizi kuliko mikono minane ya wengine. Alidarizi mchana kutwa.

"Tayari," akaniambia.

Lilikuwa nusu ua. Petali za kulia zote zipo, nadhifu kama za miaka ile, na kuanzia katikati kwenda kushoto kitambaa kitupu na mistari yangu ya penseli. Nikadhani amechoka. Nimekikata kitambaa nikakihifadhi humu, kati ya kurasa.

20 Agosti, Jumatano

Kilo arobaini na mbili. Bi. Katigbak hakucheka mahali popote.

27 Agosti

Leo nimefanya jambo la aibu, nami naliandika kwa sababu niliahidi kutoficha.

Nilikuwa nimeamka saa kumi na moja kwenda sokoni kutafuta kuku wa kienyeji, kwa sababu Mada alisema wa kisasa hawana ladha bila chumvi. Nilitembea kwenye maji mpaka magotini. Nilimpika kwa muda wa saa mbili. Niliipanga sahani kama picha. Nikaketi. Paning akala wali wake, akakiweka kijiko chini, akafuta mdomo.

"Na kuku?" nikasema.

"Kuku gani?"

Nikapandwa na kitu. "Paning, mimi nimekukosea, najua. Nimekukosea miaka arobaini na moja! Lakini utajiua kwa kunikomoa? Kula! Kula, mwanamke, au watakutia mpira puani kama mama yako!"

Alitetemeka mdomo. Sijawahi kumwona Paning akitetemeka mdomo, hata siku tuliyomzika mwanetu wa kwanza.

"Unanipa wali mtupu," akasema, "kila siku wali mtupu, halafu unanigombeza kwamba sili."

Niliichukua sahani nikaenda nayo mlangoni nikamwaga kuku wote kwenye mvua. Mbwa wa Mada walifika kabla hajatua. Kisha nikaenda kukaa karakanani mbele ya tanuri lisilo na moto, nikalia kama mtoto, maana nilijua maana ya maneno yake. Chakula changu hakina thamani machoni pake. Nimepika miezi miwili na nusu, na kwake ni wali mtupu.

Niliporudi alikuwa analia bado, ameelekea mlango wa jikoni. Nilimpitia kwa nyuma nikamfuta machozi. Aliukamata mkono wangu akaubusu. Sasa mimi sielewi tena. Mtu anayekukomoa haubusu mkono wako.

28 Agosti

Kuku hajaguswa. Niliosha sahani.

3 Septemba, Jumatano

Arobaini na moja. Kidonda kinanuka. Mada amekuja na mchuzi wa kuku na mlonge, akakumbuka njiani kwamba mlonge haupikwi penye msiba, akasimama barazani na bakuli, hajui aingie au arudi. "Ingia," nikamwambia. "Hapa hajafa mtu." Kwenye bakuli, Paning alikunywa mchuzi wote. Minofu aliibakiza upande mmoja.

17 Septemba, Jumatano

Arobaini na robo, sindano inacheza. Bi. Katigbak alipima mara tatu kwa mizani mbili. Kisha akaketi, akaandika barua ya kumpeleka hospitali tarehe ishirini na nne, maana kufikia siku hiyo atakuwa chini ya arobaini.

"Wiki moja, Mzee," akasema. "Nimeivuta mpaka mwisho wa kamba. Nisamehe."

Barua imo humu pamoja na nusu ua. Paning hajui. Usiku wote nimesikia anavyopumua.

21 Septemba, Jumapili

Leo nitaandika polepole na kwa mpangilio, kama mtu anayenoa.

Rowena alivuka asubuhi kuja kunisaidia kumwambia mama yake habari ya barua. Kimbunga kilikuwa kinakuja, redio ilipandisha onyo toka la kwanza hadi la pili. Yeye alitaka kupika, nikakataa. Nikasema, "Hii ni Jumapili ya mwisho kabla ya mpira. Niache nipike mimi, hata asipokula." Nikasubiri siki ichemke. Nikapakua: wali kulia, kuku kushoto. Paning kichwani pa meza, mimi kushoto kwake, Rowena mbele yangu, upande wa kulia kama safari ile.

Hatujala vijiko vitano, simu ya Rowena ikalia. Alikuwa mumewe. Kivuko cha saa kumi na moja kimefutwa, cha mwisho ni saa nane, baada ya hapo bandari inafungwa mpaka kimbunga kipite. Mtoto wao ana miezi minane na bado ananyonya.

Aliinuka palepale, akatushika mikono, akaipeleka kwenye paji la uso. "Nisameheni, naondoka katikati ya chakula. Mama, nisamehe." Bajaji ilikuwa imeshapiga honi nje. Alipofika mlangoni, akiwa na mwavuli nusu wazi, akageuka akapaza sauti:

"Sahani, Baba! Sahani!"

Nilikuwa nimesahau desturi: mtu akiondoka watu wanakula, wanaobaki hugeuza sahani zao ili msafiri afike salama, na kwetu hakuna anayeruhusiwa kuondoka hivyo. Nikaigeuza sahani yangu. Paning naye akawa anapapasa ukingo wa yake kwa mkono wake mmoja, sahani inateleza mezani, haizunguki.

"Nigeuzie yangu!" akasema, na sauti ilikuwa ya hofu kabisa. "Haraka, Gaudencio, mtoto anavuka bahari!"

Nilinyoosha mkono nikaizungusha, nusu duara.

Nikasikia bajaji ikiondoka. Paning alikuwa ameinamia sahani. Akatazama. Akatazama tena. Kisha akasema, polepole, kwa mshangao wa mtu aliyeokota kitu barabarani:

"Gaudencio. Kuku huyu katoka wapi?"

Nikasema, "Kuku gani?" Mimi ndiye niliyesema hivyo safari hii.

"Huyu hapa. Adobo. Ulikuwa unaificha?"

Hakungoja jibu. Alichukua kijiko. Alikula kipande cha kwanza, cha pili, akanyonya mfupa, akatafuna mpaka na kitunguu saumu. Mimi nilihesabu mifupa. Akamaliza, akafuta mdomo, akatoa hukumu:

"Manjano yamezidi kidogo. Lakini siki umeipatia." Halafu akakunja uso. "Na wali je? Nani anakula adobo bila wali?"

Wali ulikuwepo. Ulikuwepo palepale sahanini, mlima mzima, ila sasa ulikuwa kushoto.

Niliizungusha sahani kwa kidole kimoja. "Oo," akasema, "huu hapa." Akaendelea kula.

Nikakumbuka kitana. Nikakumbuka ua. Nikakumbuka kijiko kilichomtokea ghafla kama nyoka. Niliinuka na kiti changu, nikazunguka nyuma yake, nikakiweka kulia, pale alipokuwa Rowena. Nikaketi.

Paning akaniona. Akaninyanyulia uso wote, macho kwa macho, kwa mara ya kwanza tangu Mei.

"Hatimaye," akasema. "Leo umekuja kula na mimi."

"Nilikuwepo, Paning. Kila siku. Niliketi hapo kushoto kwako."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata kuku alikuwa huko pamoja na mimi."

Paning alikiweka kijiko chini. Mvua ilipiga bati na hakuna aliyeisikiliza. "Mimi nilidhani unakula jikoni," akasema. "Nilikuwa nasikia sauti yako, nikawa natazama mlangoni. Nilisema moyoni, ananionea haya. Hapendi kuutazama mkono huu uliokufa. Nikajisemea, basi, mwache, ni mwanamume, amechoka. Wali alionitengea nitaumaliza wote, ajue nashukuru."

Mimi ni mtu mzima, nimeungua na chuma mara mia na sikulia. Leo niliweka paji la uso juu ya mkono wake na nikalia mpaka adobo ikapoa. Miezi mitatu nilidhani mke wangu ananilipizia kisasi, na yeye miezi mitatu alikuwa anamaliza wali mkavu ili asiniumize.

Saa kumi na nusu Rowena amepiga simu. Amefika salama.

Wali umeisha. Kuku ameisha.

22 Septemba

Kimbunga kimepita kusini. Nimekwenda kituo cha afya na maji kiunoni. Bi. Katigbak alisoma kurasa za jana akiwa amesimama, mkono mdomoni. Ameniambia kwamba macho ya Paning ni mazima. Kiharusi kilipiga upande wa kulia wa ubongo, na sasa akili yake haiendi kushoto. Kwake nusu ile ya dunia haipo, na mtu hawezi kutafuta kitu asichojua kwamba kimepotea.

"Na mimi nilikuagiza usichanganye," akasema. "Nimesoma 'kuku hajaguswa' wiki baada ya wiki. Sikuuliza hata siku moja sahani imekaaje."

Nikamwambia hata mimi sikumuuliza Paning kwa nini. Kuuliza si ujinga, ujinga ulikuwa wetu wawili. Barua ameichukua, akasema mizani ndiyo itakayoamua.

1 Oktoba, Jumatano

Arobaini na moja na nusu! Bi. Katigbak amenikumbatia mbele ya foleni nzima.

Tumepewa zoezi. Nimefunga uzi mwekundu wa kudarizi kwenye ukingo wa kushoto wa sahani, na Paning lazima autafute kwa macho kila anapokula. Wakati mwingine anaufikia. Anapouona anashangilia kama ameshinda bahati nasibu. Asipouona, nageuza sahani. Wakati wa kula naketi kulia. Wakati wa maongezi naketi kushoto na kumwita, naye ananitafuta, na siku nyingine ananipata.

5 Oktoba, Jumapili

Yeye ameamuru kutoka kwenye kiti, mimi nimetii kwenye chungu. "Usikoroge!" kabla hata sijagusa mwiko. Ilipoiva nilijipakulia, nikaonja. Nikamwambia ni tamu. Akaniangalia kama nina homa.

"Miaka arobaini na moja," akasema. "Nilianza kufikiri huna ulimi."

Chupa ya patis nimempa Mada.

15 Oktoba, Jumatano

Kilo arobaini na tatu. Kisigino kimefunga, kimeacha ngozi nyembamba ya waridi. Bi. Katigbak amesema naweza kuacha kuandika. Nimemwambia nitamaliza ukurasa huu.

Mvua imekuwa ya manyunyu tu, jioni jua lilitoka. Ua la sampagita nimelirudisha kwenye fremu. Paning amekwisha kuanza petali moja ya kushoto, imepinda, ni nzuri kupita zote.

Mchana tulikula adobo, wali kulia, kuku kushoto, maana amekataa nibadilishe mpango. Alipofika katikati nikanyoosha mkono kugeuza sahani yake kama kawaida. Akanishika kifundo cha mkono.

"Kila siku unaigeuza," akasema. "Nani anasafiri?"

"Hakuna anayesafiri, Paning."

Akaniachia mkono.

"Basi geuza na yako," akasema. "Nisile hivi peke yangu."

Nikaigeuza.